Kusafisha kompyuta ya nyumbani kwa programu za bure: anza kwa kutoa kraki

Ilikuwa Jumapili ya Julai 2020, baridi ya Uyole, Mbeya, ile ya kunywea chai ukiwa umejifunga blanketi. Binti yangu akaniita sebuleni. "Mama, njoo uone, picha za babu hazifunguki."

Nilidhani ni jambo dogo. Nina steshenari Mwanjelwa tangu 2011; kutwa nzima natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nafungua flashi za watu. Nikakaa, nikabofya picha ya baba akiwa Tukuyu, amesimama katikati ya migomba yake na panga mkononi. Ikagoma. Nikaangalia jina la faili: baada ya ".jpg" palikuwa pameongezwa nukta na herufi nne nisizozijua. Picha ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Folda nzima, miaka tisa ya picha. Na ndani ya kila folda palikuwa na faili moja la maandishi ambalo si letu, _readme.txt. Lilisema mafaili yote yamefungwa, na kwamba ufunguo unauzwa dola 980, au dola 490 nikiwahi ndani ya saa 72.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Sikulipa, na sikushauri wewe ulipe. Anayekufungia mafaili yako hana sababu ya kutimiza ahadi akishapata pesa. Lakini niliapa kujua mlango alioingilia. Nilichojifunza ndicho nakiandika hapa, kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta moja nyumbani, inayotumiwa na baba, mama, watoto na mgeni wa likizo, na asiye na pesa ya kulipia antivirusi kila mwaka.

Alipoingilia

Kirusi kile kinaitwa STOP, wengine wanakiita Djvu, na njia yake kubwa ya kusambaa ni kraki: vile viprogramu vidogo vya kufungulia programu za kulipiwa bila kulipa. Jumamosi usiku mdogo wangu, aliyekuja likizo kutoka chuo, alikuwa amepakua kraki ya programu ya kuhariri video ili atengeneze video ya send-off ya binamu yetu. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Sikumgombeza, na hadi leo hatujagombana kwa hilo, kwa sababu nilipochimba zaidi niligundua kwamba mlango ulikuwa wazi miaka miwili kabla yake.

Fungua Windows Security kwenye kompyuta yako, uingie Virus & threat protection, kisha Manage settings, ushuke chini kabisa hadi Exclusions, ubofye Add or remove exclusions. Hapo ndipo panapoandikwa sehemu ambazo antivirusi imeambiwa isiziangalie. Kwa mtu wa kawaida orodha hiyo huwa tupu. Yangu ilikuwa na mstari mmoja tu: C:\

Diski nzima. Fundi aliyeniwekea Windows mwaka 2018 kwa shilingi 15,000 aliweka kraki ya Windows na kraki ya Office, na ili zisifutwe akamwambia mlinzi afumbe macho nyumba nzima. Tangu siku ile kile kingao cha kijani pale chini kilikuwa kinaniambia kila kitu ni salama, na mimi naamini.

Kwa hiyo ukitaka kufanya jambo moja tu leo, nenda kaangalie orodha hiyo. Ukikuta kitu hukukiweka mwenyewe, kibofye, chagua Remove. Ukikuta vitufe vimefifia, havibofyeki, na maandishi yanasema mipangilio inasimamiwa na msimamizi wakati msimamizi ni wewe mwenyewe, basi kuna aliyepitisha mkono huko ndani, na dawa yake ni kuweka Windows upya. Nitafika huko.

Bure na huru

Kiswahili kimetuwekea maneno mawili hapa, nasi tuyatumie. Programu ya bure ni ile usiyoilipia. Programu huru ni ile unayoruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuchungulia jinsi ilivyotengenezwa, kuibadilisha na kumgawia jirani. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huru uitwao GNU mwaka 1983, amekuwa akilieleza hili kwa miaka mingi kwa sababu Kiingereza kina neno moja tu, free, kwa mambo hayo mawili.

Kwangu tofauti hii ina maana ya kila siku. Nikimpa mteja LibreOffice kwenye flashi yake simwibii mtu, na hahitaji kraki. Asipohitaji kraki hahitaji kumlaza mlinzi. Usafi wa kompyuta unaanzia hapo, kabla hujapakua chombo chochote cha kusafishia.

Hizi ndizo nilizoweka badala ya zile za kuibwa, na zote ni huru: LibreOffice kwa barua, mahesabu na kuwasilisha, VLC kwa video na muziki, 7-Zip kwa kufungua mafaili yaliyobanwa, GIMP kwa picha, Kdenlive kwa video, ambayo mdogo wangu anaitumia sasa. Zipakue kwenye tovuti ya wenyewe tu. Ukitafuta jina la programu kwenye intaneti, mara nyingi matokeo ya juu kabisa ni tangazo la kulipiwa, na huko ndiko wanakojificha wanaogawa nakala zilizotiwa sumu. Soma anwani herufi kwa herufi: libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org.

Watu wanaogopa LibreOffice kwa sababu ya barua kuharibika mpangilio ikifunguliwa ofisini kwa mtu mwenye Word. Hofu hiyo ina msingi, lakini chanzo chake mara nyingi ni mwandiko, yaani fonti. Kama barua imeandikwa kwa Calibri na kompyuta haina Calibri, maneno yanasogea na ukurasa unavunjika. LibreOffice huja na Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, na Caladea kwa Cambria, na Liberation Serif kwa Times New Roman. Ziache zilivyo, usizifute. Ukimaliza kuandika, hifadhi kwa .docx kama mwenzako atahariri, na kama ni ya kusoma tu mpelekee PDF. Nimechapa ripoti za wanafunzi wa chuo kwa mtindo huo miaka minne sasa.

Na kuna habari wengi hawaijui. Tangu Windows 8, mwaka 2012, kompyuta nyingi za kampuni kubwa zilizouzwa na Windows yake zina leseni iliyofichwa ndani ya chipu ya ubao wenyewe. Zile HP, Dell na Lenovo za mtumba tunazonunua nyingi zinayo. Fundi anaifuta Windows halali, anaweka ya kraki, na mwenye mali hajui kwamba alikuwa na haki yake tangu mwanzo. Ukitaka kuweka upya, pakua chombo cha kuwekea kutoka tovuti ya Microsoft, kiandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, chagua toleo lilelile lililokuja na kompyuta, na ukiulizwa ufunguo sema huna. Ukiunganisha intaneti, kama leseni ipo itajitambua yenyewe. Yangu ilikuwepo. Shilingi 15,000 zile nililipa ili nivuliwe kitu nilichokuwa nacho.

Kabla hujafuta chochote toa nakala ya mafaili yako kwanza. Jinsi ninavyotoa nimeiweka mwishoni.

Kupima

Antivirusi iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, Microsoft Defender, inatosha nyumbani ikiwa haijafungwa mikono. Usiweke antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja. Zinagombania kila faili na kompyuta inakuwa nzito kama lori la viazi linalopanda Igawilo. Moja inatosha.

Kwanza isasishe, kisha fanya kipimo kamili. Kitachukua saa kadhaa, kiache usiku. Baada ya hapo, katika Scan options, chagua kile cha mwisho cha offline scan. Hicho kinazima kompyuta na kupima kabla Windows haijaamka, kwa hiyo kirusi kinachojificha Windows ikiwa hai hakipati nafasi. Ni kama robo saa tu. Hifadhi kazi zako kwanza, maana itajizima bila kubembeleza.

Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ina toleo la bure. Baada ya siku zake za majaribio kuisha linabaki la kupima pale unapolituma, ndilo tunalolitaka. Kubali kwamba litakuomba ununue; kataa kwa upole, endelea.

Flashi

Hapa nikae kidogo, kwa sababu huku kwetu virusi vingi vinasafiri mfukoni.

Ijumaa moja jioni, nikiwa nafunga duka, aliingia msichana wa chuo, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni?"

"Utafiti wangu umepotea. Niliprinti pale stendi, nimerudi hosteli nikakuta folda zote zimekuwa hivi."

Nikachomeka flashi yake. Folda zilikuwepo kwa majina yake, lakini kila moja ilikuwa na kimshale kidogo kwenye pembe ya chini kushoto. Hicho ndicho kirusi cha shotikati. Hakijafuta kitu. Kimezificha folda za kweli na kuweka vibao vya njia vyenye majina yaleyale. Ukibofya kibao, kinakufungulia folda yako ili usishtuke, lakini kabla ya hapo kinaendesha kijiprogramu kilichofichwa kinachojinakili kwenye kompyuta yako na kuisubiri flashi nyingine. Ukiona vimishale, ondoa mkono kwenye kipanya.

Nilichomfanyia ni hiki. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uone flashi yako imepewa herufi gani. Kama ni E, andika mstari huu bila kukosea nafasi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Unaiambia Windows iyavue mafaili yote ya flashi hiyo vazi la kujificha. Folda za kweli zikarudi moja baada ya nyingine, na utafiti wake ukiwemo, kurasa 84. Alikaa kwenye benchi akalia, safari hii kwa faraja.

Hapo kazi haijaisha. Futa vibao vyote vyenye kimshale. Futa mafaili yenye mwisho wa .vbs, .js, .lnk au .exe usiyoyajua. Nakili hati zako tu, moja moja, ziende mahali salama, kisha futa flashi yote kwa Format. Halafu pima kompyuta, kwa sababu kama kirusi kimeshaingia humo, flashi safi itachafuka tena ndani ya dakika moja.

Na ili uvione hivyo vyote, fungua folda yoyote, nenda View, uweke alama kwenye File name extensions na Hidden items. Windows kwa kawaida inaficha mwisho wa jina la faili. Ndiyo maana mtu anaweza kukutumia "Barua ya wito.pdf.exe" nawe ukaona "Barua ya wito.pdf". Hii nawabadilishia wateja wote wanaoniletea kompyuta, hata kama hawakuniomba.

Dukani nina kompyuta moja kuukuu yenye Linux Mint, mfumo huru unaoendesha kompyuta badala ya Windows. Flashi ya mteja inaingia humo kwanza. Virusi hivi vya shotikati vimetengenezwa kwa Windows. Kwenye Linux vinalala kama mafaili mengine tu, unaviona vyote uchi, unafuta, unahamisha hati safi kwenda kwenye mashine ya kuchapia. Nyumbani huhitaji kompyuta ya pili kwa hilo. Inatosha kuwa na flashi ya familia ambayo haitoki nje, na nyingine ya safari. Kinachokwenda kuchapwa kitumwe kwa barua pepe ikiwezekana, flashi ibaki nyumbani.

Taka za kawaida

Kompyuta nzito si lazima iwe na kirusi. Fungua Settings, nenda Apps, usome orodha nzima taratibu. Ondoa usiyoitumia, hasa vijitabo vya pembeni vya kivinjari, michezo iliyokuja yenyewe, na chochote chenye jina la kuahidi kuongeza kasi. Kisha Ctrl+Shift+Esc, tabo ya Startup: hizo ndizo zinazoamka pamoja na kompyuta. Zima zote isipokuwa antivirusi na za sauti na kipanya cha kugusa.

Kwa mabaki ya mafaili natumia BleachBit, ni programu huru na haina matangazo. Bonyeza Preview kwanza ili uone itakachofuta kabla ya kuiruhusu. Usiweke alama kwenye nywila za kivinjari kama hujaziandika mahali pengine, na uache kile kipengele cha kufuta nafasi tupu ya diski. Kinachukua saa nyingi na hakiongezi kasi.

Programu zinazosema zimekuta "makosa 1,300" kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, na zinataka ulipe ziyarekebishe, ziondoe. Rejista haihitaji kufagiliwa. Na hata chombo kizuri kisipakuliwe ovyo: mwaka 2017 CCleaner, iliyokuwa ikitumiwa na mamilioni ya watu kusafisha kompyuta, iliingiliwa na wahalifu kwenye seva za watengenezaji wake, na toleo 5.33 likasambazwa kwa takriban mwezi mmoja likiwa na sumu ndani, kwa kompyuta zaidi ya milioni mbili. Ndiyo maana naweka vyombo vichache: kila kimoja ni mlango.

Kivinjari

Mama mmoja jirani aliniletea kompyuta yake akisema kirusi kinamtumia picha za aibu pembeni mwa kioo, hata watoto wakiwa wanasoma. Nilipima, sikukuta kirusi. Alikuwa amebonyeza Allow kwenye tovuti ya kupakulia filamu ilipomuuliza kama aruhusu taarifa. Basi tovuti hiyo ikawa na haki ya kumtumia chochote. Kwenye Firefox nenda Settings, Privacy & Security, ushuke hadi Permissions, kwenye Notifications bofya Settings, uondoe tovuti zote, kisha uweke alama ya kuzuia maombi mapya. Dakika mbili, na nyumba ikatulia.

Firefox naipendekeza kwa sababu inakubali uBlock Origin kamili, kiongezi huru cha Raymond Hill cha kuzuia matangazo. Kwenye Chrome siku hizi kinakubaliwa kile cha toleo jepesi tu. Matangazo mengi ndiyo vitufe bandia vya "Pakua hapa", na kuyazuia kunapunguza pia bando, kwa sababu picha na video zake hazishuki kabisa.

Nywila, na akaunti ya watoto

KeePassXC inatunza nywila zote ndani ya faili moja lililofungwa kwa nywila kuu. Faili hilo linakaa kwako, haliendi kwa mtu. Nywila kuu iwe maneno matano au sita yasiyohusiana, hata ukachanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani. Mimi nimechanganya Kinyakyusa. Usitumie methali wala mstari wa wimbo. Iandike kwenye karatasi moja, uifungie pamoja na hati ya kiwanja.

Watoto na wageni watengenezee akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Wakitaka kuweka programu, Windows itadai nywila yako. Kwa kirusi cha kufunga mafaili hili si kinga kamili, maana kinaweza kufunga kila ambacho mtumiaji huyo anaweza kukigusa, lakini picha zako zikiwa kwenye akaunti yako hakizifikii kirahisi. Mdogo wangu ana akaunti yake. Aliomba mwenyewe.

Masasisho na bando

Najua kwa nini watu wanazima masasisho, yale tunayoyaita apdeti. Unaweka bando la kumtumia mtu nyaraka, dakika kumi limekwisha. Lakini Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipopita katika nchi zaidi ya 150, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake tangu Machi. Walioumia wengi walikuwa hawajakiweka.

Njia ya kati ipo. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu yako ndani ya Windows, washa Metered connection. Masasisho mengi yatasubiri ruhusa yako. Kisha chagua usiku mmoja kwa mwezi, ununue bando la usiku, uzime alama hiyo, uache kompyuta ishushe hadi asubuhi. Mimi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Sasa, Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Kuna mafundi wanaoilazimisha iingie. Kwa kompyuta ya namna hiyo mimi naweka Linux Mint, toleo lake jepesi la Xfce. Watengenezaji wanasema GB 2 za RAM ndiyo chini kabisa na GB 4 ndiyo ya kustarehe. Ile ya dukani ina GB 4 na inakwenda. Faili lake ni karibu GB 3, kazi ya bando la usiku. Unaliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na unaijaribu bila kugusa diski. Sikiliza kama sauti inatoka, ona kama Wi-Fi inashika, chapa ukurasa mmoja. Ukiridhika ndipo unabofya kuiweka, ukijua kwamba ukichagua kufuta diski, yote yaliyomo yanaondoka.

Mama mkwe wangu, Iringa, anaitumia na hajui kama ni Linux. Anajua pale pa Firefox, pale pa barua, na pale pa nyimbo za kwaya. Na anayeona mambo haya ni ya Wazungu, ajue kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, kutoka ukoo uleule uliozaa LibreOffice mwaka 2010.

Vumbi na radi

Kiangazi, vumbi la huku linaziba feni. Zima, chomoa umeme na betri kama inatoka, puliza matundu kwa blowa huku umeishika feni kwa kijiti isizunguke, maliza kwa brashi laini ya rangi. Masika yakianza, radi ikinguruma chomoa waya ukutani, pamoja na wa ruta.

Nakala

Nina diski mbili za nje. Moja inakaa kwenye bati la biskuti juu ya kabati, imefungwa kwa kipande cha kitenge. Nyingine iko kwa dada yangu Mbalizi, na tunabadilishana kila tunapokutana kwenye mikutano ya ukoo. Jumapili baada ya ibada nachomeka ile ya kwenye bati, natumia FreeFileSync, ambayo ni ya bure, kulinganisha folda ya familia na ya diski. Inanionyesha kilichoongezeka na kilichobadilika kabla sijaruhusu. Hapo naangalia kwa makini: nikiona mafaili elfu tatu yamebadilika ndani ya wiki moja wakati tumepiga picha ishirini, nasimama, sinakili kitu. Yakiwa ya kawaida, nanakili, kisha nachomoa. Diski iliyochomekwa muda wote kirusi kinaifunga pamoja na kompyuta. Iliyo kwenye bati hakiifikii.

Picha za baba, niliwaomba ndugu wote wapekue simu zao. Shangazi wa Kyela alikuwa nazo nyingi kuliko yeyote, zikiwa ndogo na zimefifia kwa kutumwatumwa WhatsApp. Tulipata 61.

Zilizofungwa sijazifuta, na yakikukuta nawe usifute. Kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kufungua kirusi hiki Oktoba 2019, na tovuti ya nomoreransom.org, ambayo polisi wa Ulaya, Europol, ni miongoni mwa waanzilishi wake, inakusanya vyombo vya namna hiyo kwa virusi vingi. Ndani ya _readme.txt kuna namba ya mhanga. Ikiishia na t1, mara nyingi ina maana kirusi kilitumia ufunguo wa pamoja, na huo huenda ukapatikana siku moja. Yangu haiishii hivyo. Hata hivyo kila Desemba nawasha kompyuta ya zamani, nashusha chombo kipya, najaribu tena na ile picha ya migomba. Diski iliyo nayo nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito: Baba, 2011–2019, usifute.